Mshipa Usiopiga

Kiswahili chetu kina neno moja, mshipa, lililobebeshwa mzigo mzito kupita kiasi. Mshipa ni njia ya damu itokayo moyoni, ni njia ya damu irejeayo moyoni, ni neva, na katika vinywa vya wazee wetu ni ugonjwa wa ngiri pia. Wanasemantiki watasema hiyo ni polisemia tu, nasi huifurahia darasani. Mimi nimeiona polisemia hiyo ikimgharimu mtu miezi minane.

Mtu huyo ni shangazi yangu, kitindamimba wa babu, ambaye wakati huo alikuwa na umri wa miaka 29. Alikwenda katika zahanati moja akilalamikia mikono iliyochoka upesi na miguu iliyouma. Akaulizwa kama ni mishipa inayomsumbua. Akajibu kuwa ndiyo, ni mishipa. Aliyeuliza alikusudia neva, naye shangazi alikusudia damu. Kila mmoja akaondoka akiamini ameeleweka. Alipewa vidonge vya vitamini. Presha yake ilipopimwa mkononi ilionekana kuwa ya chini, hivyo akashauriwa kuongeza chumvi.

Kumbe alikuwa na ugonjwa wa Takayasu. Jina hilo ni la Mikito Takayasu, daktari wa macho wa Japani aliyeeleza mwaka wa 1908 mabadiliko ya ajabu aliyoyaona katika mishipa ya jicho la mwanamke kijana. Ni mojawapo ya vaskulitisi, yaani magonjwa ambamo kuta za mishipa ya damu huvimba. Katika ugonjwa huu, kinga ya mwili, badala ya kuulinda mwili, huzigeukia kuta za ateri kubwa. Ukuta hunenepa na njia ya damu husinyaa. Huwapata zaidi wanawake, aghalabu kabla ya umri wa miaka 40. Huitwa pia ugonjwa wa kukosa mpigo, maana daktari huweza kuutafuta mdundo kwenye kifundo cha mkono asiupate.

Tulipofika katika hospitali ya rufaa, mimi nikiwa mkalimani, waliamua kupima ateri za miguu yake. Kipimo chenyewe hakina makuu. Mgonjwa hulala chali kwa dakika 5 hadi 10 apumzike. Ukanda wa presha hufungwa kwenye mikono yote miwili na juu ya vifundo vya miguu yote miwili, kisha chombo kidogo cha Doppler, kinachofuatilia mwendo wa damu kwa mawimbi ya sauti, huwekwa penye ateri. Presha ya kila mguu hugawanywa kwa presha ya mkono wenye presha kubwa zaidi. Jibu likiwa kati ya 1.00 na 1.40, mguu huhesabiwa kuwa mzima. Likiwa 0.90 au chini yake, hiyo ni dalili kwamba ateri za mguu zimesinyaa au zimeziba.

Mikono ya shangazi ilitoa 92 na 88. Miguu ikatoa 96 na 94. Ukigawanya, unapata 1.04 na 1.02. Kijana aliyepima alitabasamu, nasi tukatabasamu naye.

Lakini hesabu hiyo ni ulinganisho, na mwanafunzi wa fasihi anajua jambo hili kupitia tashbihi: ukisema mguu ni mzima kama mkono, sharti kwanza mkono uwe mzima. Kwa wagonjwa wengi, hasa wazee na wavutaji wa sigara, walau mkono mmoja huweza kuaminika. Takayasu huweza kuiharibu yote miwili. Mguu mgonjwa ukigawanywa kwa mkono mgonjwa, jibu hutoka zuri ajabu.

Daktari mkuu, mama mmoja mpole, hakuridhika. Aliweka stethoskopu juu ya mtulinga wa shangazi, akasikia mvumo, kama wa maji yakipenya katika mfereji mwembamba. Kisha akamwomba aeleze namna anavyotembea, ila asilitaje neno mshipa.

"Daktari, nikitoka stejini kwenda sokoni, nyama za miguu zinakaza kama kamba. Nikisimama kidogo zinaachia. Nikiendelea, zinakaza tena."

Daktari aliandika maneno hayo upesi. Dalili hiyo, alinieleza, ina jina la kitaalamu lililotokana na kitenzi cha Kilatini claudicare, kuchechemea. (Nilifurahi kusikia hivyo, hata lugha ya tiba ilianza kwa mtu aliyetazama mwenzake akitembea.) Akaagiza picha ya ateri zote kuu.

Picha ilionyesha kuwa ateri za chini ya mitulinga yote miwili zilikuwa zimesinyaa, na aota pia, pale tumboni. Presha iliyopimwa baadaye kwa mrija ulioingizwa hadi karibu na moyo ilikuwa 168. Huyo ndiye aliyeambiwa aongeze chumvi!

Sasa anatumia prednisoloni na methotreksati za kuituliza kinga, na dawa za kushusha presha. Daktari ameniomba niandike karatasi moja ya Kiswahili ya kuwaeleza wagonjwa kuhusu kipimo hiki. Ateri nimelikubali, na neva halina ubishi. Vena limepingwa na shangazi, anayesema kuwa hajawahi kumsikia mtu yeyote sokoni akilitamka, nami bado sijapata jibu la kumpa.