Chupa Nyekundu Kutoka Ng'ambo ya Ruvuma

Wengi wetu akina mama wa Mtwara tuna ndugu pande zote mbili za Mto Ruvuma. Tukiwa na harusi, wa ng'ambo huja, na mara nyingine katika mizigo yao hutoka chupa ya mvinyo mwekundu wa Kireno, kwani Msumbiji ilitawaliwa na Wareno hadi mwaka 1975. Chupa ikishafika mezani, anayeulizwa ni mama mwenye nyumba: huu huendana na chakula gani?

Swali hilo lisitutishe. Hata maneno mvinyo na meza tuliyapata kwa Wareno. Mkorosho nao waliuleta kutoka Brazili katika karne ya 16, na bibo lake ndilo linalotufundisha ladha ya mvinyo huu.

Ukiuma bibo, utamu hutangulia, kisha ulimi hukauka na mashavu yakavutana. Huo ndio ukakasi. Mvinyo mwekundu wa bonde la Douro au wa Dão una ukakasi kama huo, utokao kwenye maganda na mbegu za zabibu, ila hauna utamu wa sukari. Una uchachu kidogo na harufu inayokumbusha zambarau zilizoiva. Anayetarajia utamu wa juisi hukunja uso.

Dawa ya ukakasi tunayo jikoni: nyama, mafuta na chumvi. Mbuzi wa kuchoma aliyenona hufaa sana, na kuku wa rojo la korosho pia. Wareno wenyewe hula nao pweza wa kuoka kwa mafuta ya zeituni. Pweza wetu, akichemshwa hadi alainike kisha akapitishwa kwenye mkaa, hana upungufu. Changu wa kuchemsha kwa ndimu tusimchanganye nao, maana mdomoni hubaki ladha kama ya chuma. Pilipili nayo tuipunguze, kwa sababu kileo huzidisha ukali wake. Na kwa joto letu, chupa ikae kwenye jokofu nusu saa kabla ya kufunguliwa.

Lakini mama mwenzetu, kazi haiishii jikoni. Mvinyo huu mara nyingi una kileo cha asilimia 13 au 14, wakati bia nyingi zina asilimia 5 hivi. Baba watoto akijaza bilauri ileile ya bia, amekunywa karibu mara tatu. Tumewahi kumsindikiza mwenzetu hospitali usiku wa harusi, kwa kuwa bwana wake alipanda pikipiki baada ya bilauri za namna hiyo. Tangu hapo tumekubaliana: glasi iwe ndogo, chakula kitangulie, maji yawe pembeni. Mwenye kuendesha chombo, mjamzito na mtoto wasionje kabisa.

Na asiyekunywa asibembelezwe. Tumkamulie mabibo siku hiyohiyo. Ukakasi wake huendana na nyama ileile. Yasilale, maana kwenye joto letu juisi hiyo huchacha haraka ikawa uraka, na uraka ni pombe, hata kikombe kikiwa cha mtoto.

Kule Kana ya Galilaya, aliyesema kwamba divai imekwisha alikuwa mama. Sisi nasi tusione haya kusema, kwa upole na mapema, kwamba imetosha.