Kuisha na Kukatika

Kamba ikifika mwisho, imeisha. Ikiachia ghafla huku mtumbwi bado uko majini, imekatika. Kwetu Mbaha, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, hata mtoto mdogo hachanganyi maneno haya mawili. La kwanza halimshtui mtu. La pili linawafanya watu waache chakula wakimbilie majini.

Sasa fikiria seli ya mwili wako, msomaji. Ndani yake kuna kromosomu 46, yaani nyuzi ndefu za vinasaba, na kila uzi una ncha mbili. Jumla ncha 92. Humo humo kuna mafundi wanaozunguka usiku na mchana wakitafuta uzi uliokatika ili wauunge. Ni kazi ya maana, kwa sababu vinasaba hukatika mara nyingi: kwa jua, kwa moshi wa sigara, kwa shughuli za kawaida tu za kuishi. Lakini fundi huyo hana macho. Atajuaje kwamba ncha hizi 92 zimeisha, hazikukatika?

Miaka ya 1930 watu wawili walilikaribia swali hilo, Hermann Muller akichunguza nzi wa matunda na Barbara McClintock akichunguza mahindi. Ndiyo, mahindi. McClintock aliona kromosomu zilizovunjika zikinatana, seli ikigawanyika zinachanika, kisha zinanatana tena. Ncha za asili hazikufanya hivyo. Mwaka 1938 Muller akazipa jina kutoka maneno mawili ya Kigiriki, "mwisho" na "sehemu": telomeri.

Jibu lenyewe lilichelewa. Ncha ya kromosomu ya binadamu ni herufi sita, TTAGGG, zinazorudiwa maelfu ya mara kama kiitikio cha ngoma. Juu yake hukaa kundi la protini sita ambalo mwaka 2005 Titia de Lange aliliita shelterini, kutoka neno la Kiingereza la mahali pa kujikinga. TRF1 na TRF2 hushika uzi pale ulipo maradufu. POT1 hushika kipande kinachobaki kikining'inia peke yake. TIN2 na TPP1 huwaunganisha hao wote, na RAP1 hupanda mgongoni mwa TRF2. Majina makavu kama namba za magari, najua.

Lakini kazi yao si kavu. Mwaka 1999 ilionekana kwenye hadubini kwamba ncha hiyo hujikunja, ikarudi nyuma na kujichomeka ndani ya uzi wenyewe. Makala za Kiingereza huifananisha telomeri na kile kiplastiki cha mwisho wa kamba ya kiatu. Mimi mfano huo haujawahi kunikaa. Mwanamke anayejifunga kanga kifuani ndiye anayenieleza vizuri: anaizungusha, anaikunja ncha, anaichomeka ndani, na hapo huoni tena kanga inaishia wapi. Fundi akipita haoni ncha, anaendelea na safari yake. Watafiti walipoiondoa TRF2 kwenye seli maabara, mafundi walizivamia ncha na kuunga kromosomu moja na nyingine, zikawa kama mabehewa ya treni.

Haya yote nilimweleza mama mkubwa mwaka jana, tulipokwenda Mbaha kwenye arobaini ya mama yangu. Alikuwa amekaa uwanjani akichambua usipa, simu mapajani. Kwenye kundi lao la simu kulikuwa na tangazo la vidonge vya "kurefusha ncha za vinasaba" na kurudisha ujana. Bei yake ingemeza pesa yake ya usipa ya msimu mzima.

"Mwanangu, wewe ndiye uliyesoma," alisema. "Hizi ncha zikirefushwa, mtu haondoki mapema?"

Hakuwa anauliza habari za urembo. Mdogo wake alikuwa amezikwa hatua chache kutoka pale.

Nilimwambia tangazo halikubuni kila kitu. Ncha hupungua kidogo kila seli inapogawanyika, na zikifupika sana seli husimama. Kuna watoto wanaozaliwa na kasoro kwenye TIN2, ncha zao zikawa fupi mno, na uboho wa mifupa yao ukashindwa kutengeneza damu. Mpaka hapo mwenye vidonge angenipigia makofi. Ila kuna pia familia zilizorithi kasoro kwenye POT1. Ncha zao ni ndefu kuliko za wengine, na wao huandamwa na saratani ya ngozi.

Kisha nikafika pagumu. Mama alikufa kwa saratani ya mlango wa kizazi. Kirusi kinachosababisha nyingi ya saratani hizo huwasha telomerasi, kimeng'enya kinachoongeza herufi kwenye ncha, ambacho seli nyingi za mtu mzima zimekizima. Asilimia 85 hadi 90 ya saratani zote hukitumia. Seli iliyopaswa kusimama inapata ncha mpya na kuendelea kugawanyika.

Mama mkubwa aliacha kuchambua. "Kwa hiyo kilichommaliza ni kitu kilichokataa kuisha?"

Nikasema ndiyo, kwa sehemu kubwa.

Alifuta magamba mikononi, akachukua simu, akarekodi ujumbe wa sauti kwa kilugha cha kwetu. Shelterini haikutajwa. Kanga ilitajwa mara mbili. Mwishoni aliwaambia wenzake wasinunue, watu hao wanauza kilichomwua mdogo wake.

Uandishi wa habari ni ugonjwa. Nilimwomba arekodi tena, aongeze kwamba hata huko kurefusha kwenyewe muuzaji hakuwa ameonyesha ushahidi wowote, huenda chupani mna unga tu.

"Hiyo nitawaambia kesho," alisema. "Bando limeisha."