Wati Si Mwanga

Jumamosi iliyopita nilikwenda Kariakoo kununua taa ya tyubu ya sebuleni, mahali ambapo binti yangu hujisomea usiku. Katika duka moja karibu na Mtaa wa Msimbazi, kijana muuzaji aliniwekea mbili mezani, zote za futi 4: ya kizamani ya gesi, wati 36, na ya LED, wati 18.

"Mzee wangu, chukua ya 36, ndiyo kali."

Nilimwomba aziwashe kwa zamu, nikashika gazeti chini yake. Maandishi yalisomeka karibu sawasawa. Sababu si muujiza. Wati hupima umeme ambao taa inakula. Mwanga inaoutoa hupimwa kwa lumeni. Tyubu nzuri ya gesi ya wati 36 hutoa lumeni zipatazo 3,300, lakini huzimwaga pande zote, nyingi zikiishia darini. Ile ya LED hutoa kama 2,000, zikielekezwa chini kwa msomaji. Kwenye boksi la kwanza wati ziliandikwa kwa herufi kubwa, lumeni hazikutajwa.

Nilitoka na ya wati 18, na aibu kidogo. Wiki hiyohiyo nilikuwa nimejaza ripoti ya kazi: warsha ngapi, fedha kiasi gani. Hapakuwa na safu ya kueleza nani alielewa nini, nami sikuuliza.

Ndugu zangu wa ofisini na madarasani, bajeti iliyotumika ni wati. Mwananchi anasubiri lumeni.