Kuwaka si Kuwa Tayari



Miongoni mwenu wapo wanaojifunza elimu ya kompyuta, na wapo wanaotunza mashine za shule au za parokia. Leo tunapenda kutafakari pamoja nanyi jambo moja la kazi hiyo, yaani namna huduma za seva zinavyoamshwa kwa mpangilio. Ni jambo la ufundi, lakini linagusa swali ambalo sisi wakatekista huulizwa kila mwaka: "Kwa nini tungoje bado?"

Seva ni kompyuta inayozihudumia kompyuta nyingine, na ndani yake zimo programu zinazotegemeana. Tuchukue seva inayotunza alama za wanafunzi. Kwanza unahitajika mtandao. Kisha inahitajika hifadhidata, mathalani PostgreSQL, ambayo ndiyo ghala la majina na alama. Mwishoni huja programu ambayo mwalimu huiona kwenye kioo cha kompyuta yake. Programu hiyo haina mali yake: kila jina inaloonyesha, imeliomba kwa hifadhidata.

Sasa umeme unakatika ghafla, kama tulivyozoea mijini kwetu, kisha unarudi. Hifadhidata ilikatizwa katikati ya kazi. Kabla ya kumpokea yeyote, PostgreSQL husoma upya daftari lake la mabadiliko ya mwisho na kutengeneza yaliyoachwa nusu. Muda huo imekwisha kuwaka, lakini kila anayebisha hodi hujibiwa kwamba bado inaanza. Programu ya alama ikifika mapema hukataliwa, na pengine huanguka. Mwalimu huona kosa na kusema seva imeharibika, kumbe hakuna kilichoharibika. Mmoja alimwegemea mwenzake aliyekuwa amewaka, lakini hajawa tayari.

Zamani, katika mifumo mingi ya Linux, huduma zilipewa namba na kuwashwa moja baada ya nyingine, kama watoto katika mstari. Mwaka 2010 Lennart Poettering na Kay Sievers walileta systemd, ambayo leo inaongoza uamshaji katika sehemu kubwa ya mifumo hiyo. Humo kila huduma huandikiwa uhusiano wake na nyingine, na maagizo mawili hayapaswi kuchanganywa. La kwanza husema: "Niamshwe baada ya fulani." La pili husema: "Ninamhitaji fulani." Fundi akiandika la kwanza tu, mpangilio utafuatwa, lakini yule wa mbele akishindwa kuamka, wa nyuma ataendelea kana kwamba hakuna jambo. Akiandika la pili tu, wote wawili wataamshwa kwa pamoja, na hakuna atakayemngoja mwenzake. Panapo utegemezi wa kweli, maagizo yote mawili huandikwa.

Vijana wapendwa, tujichunguze hapa. Wengi wetu tumezipokea Sakramenti kwa agizo la kwanza peke yake: Komunyo baada ya Ubatizo, Kipaimara baada ya Komunyo, na siku moja Ndoa baada ya hayo yote. Mstari umefuatwa vema. Lakini je, ndoa hiyo inauhitaji Ubatizo wetu? Je, inaishi kwa neema yake, au imekuja tu nyuma yake katika kalenda? Palipo na "baada ya" bila "ninahitaji", imani inaweza kuzimika moyoni na maisha yakaendelea bila hata kutambua kwamba kuna kilichopungua.

Linabaki swali la kungoja. Wapo mafundi wanaoandika: "Ngoja sekunde 30, kisha anza." Siku nyingine hifadhidata huwa tayari kwa sekunde 5, na muda uliobaki umepotea bure. Siku ya matengenezo marefu, sekunde 30 hazitoshi, na anguko ni lile lile. Fundi mwenye busara hahesabu sekunde tu. Huiuliza huduma mara kwa mara, "Uko tayari?", au huiandaa itoe taarifa yenyewe inapokuwa tayari kweli.

Kanisa nalo huuliza. Utaratibu wa kuwaingiza watu wazima katika Ukristo, uliotolewa Roma mwaka 1972, unataka ukatekumeni uwe mrefu kiasi cha kutosha ili uongofu na imani vikomae, hata kwa miaka kadhaa ikihitajika. Dominika ya kwanza ya Kwaresima, katika ibada ya uteuzi, wasimamizi huulizwa mbele ya waamini watoe ushuhuda juu ya wale wanaoomba Ubatizo. Hawaulizwi tu wamehudhuria mara ngapi. Huulizwa kama wamelisikiliza Neno, na kama wameanza kuishi kadiri yake. Kwa hiyo katekista anayesema "bado" hamfungii mtu mlango. Anakataa kumtwisha mzigo ambao msingi wake ungali ukitengenezwa.

Hata Mitume waliongojeshwa walikuwa watu waliokwisha kuwaka. Walikuwa wamemwona Bwana Mfufuka na kula pamoja naye. Hata hivyo, kadiri ya Mwinjili Luka, aliwaagiza wakae mjini mpaka wavikwe nguvu kutoka juu. Hakuwapa hesabu ya siku, aliwaahidi Roho. Nao hawakungoja kwa kusinzia: walidumu katika sala pamoja na Maria, na nafasi iliyoachwa na Yuda ikajazwa. Matengenezo yalifanyika ndani, kabla milango haijafunguliwa siku ya Pentekoste.

Tena systemd inapozima mashine, hufuata mpangilio ule ule kwa kinyume: aliyeamshwa nyuma huzimwa kwanza, na aliyetegemewa hubaki mpaka wanaomtegemea wamemaliza kazi. Ninyi viongozi wa vikundi, lishikeni neno hilo. Anayebeba wengine huamka kabla yao, na hulala baada yao.

Kwa kushirikishana katika kikundi:
1. Ni jambo gani maishani mwetu limekuja "baada ya" Ubatizo bila kuuhitaji?
2. Ni nani wanaotuegemea sasa, na ni kitu gani ndani yetu kingali kinahitaji kutengenezwa?
3. Tunamwambiaje mwenzetu "bado" pasipo kumvunja moyo?

Tuombe. Ee Bwana, uliyewaandaa Mitume wako kwa sala na kungoja, utengeneze ndani yetu yaliyoachwa nusu, ili ndugu zetu wanapobisha hodi watukute tuko tayari. Amina.