Mizinga ya Ulyankulu

Watanzania wengi wa rika langu walilijua jina la Ulyankulu kupitia kanda za kwaya. Kwaya ya Barabara ya 13 ilisikika redioni na kwenye mabasi, na msikilizaji wa Mbeya au Tanga hakuwa na sababu ya kujiuliza kwa nini sehemu ya porini iwe na barabara zenye namba. Namba hizo ni za makazi yetu sisi wakimbizi kutoka Burundi. Serikali ilipotutengea pori la miyombo kaskazini-magharibi mwa mji wa Tabora mwaka 1972, barabara zilifyekwa zikapewa namba, na familia zikagawiwa ardhi kandokando yake. Watu wanaoimba kwenye kanda zile ni jamaa zetu.

Nimekaa huku tangu utotoni, na kazi yangu ni kurina asali. Nimesikia mara nyingi suala la kukaa ugenini miaka mingi likizungumzwa kana kwamba ni la subira, au la karatasi. Subira tulikuwa nayo, na karatasi tuliihitaji sana, nitaeleza. Lakini kilichonifanya niwe mtu wa hapa ni kazi niliyofundishwa na mwenyeji, juu ya ardhi niliyoruhusiwa kuigusa.

Tulitoka kando ya Ziwa Tanganyika, jirani na Rumonge. Kwetu kitoweo kilikuwa mukeke, ambaye Kigoma wanamwita mgebuka, na dagaa, na mtoto alijua kuogelea kabla hajashika jembe. Mwishoni mwa Aprili 1972 yalizuka maasi kusini mwa Burundi, na jibu la serikali ya Michel Micombero likawa mauaji ya Wahutu yaliyoendelea kwa miezi, nchi nzima: walimu, wanafunzi, makarani, wakulima. Mama alitupakia mtumbwini usiku. Baba hakufika. Kutoka Kigoma tukaletwa bara, kwenye nchi isiyo na ziwa, ambako maji yanachimbwa, na kisima kikipungua mwezi wa Septemba mtu anaamka usiku wa manane kwenda kupanga foleni ya ndoo.

Tulipewa majembe, mbegu na chakula cha kuanzia. Shirika la Kikristo la kuhudumia wakimbizi, TCRS, lilifanya kazi hiyo pamoja na Serikali na Umoja wa Mataifa. Wazee wa Kinyamwezi waliokuja kututazama walisema neno ambalo kila Mswahili analijua: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwa mgeni mvivu neno hilo ni kemeo. Kwa mama yangu, aliyekuwa ameacha shamba lake, lilikuwa faraja kubwa, kwa sababu mtu hakupi jembe kama anatarajia uondoke kesho.

Pori lenyewe lilikuwa na habari zake kabla yetu. Agosti 1871 Waarabu wa Tabora walilishambulia boma la Wilyankuru, kama msafiri Stanley alivyoliandika jina hilo, wakimwandama Mtemi Mirambo. Boma walilitwaa. Wakiwa njiani kurudi na pembe na mateka, Mirambo akawavizia na kuwamaliza, na vita hiyo ikaifunga njia ya misafara ya kwenda Ujiji. Wenyeji wetu walikuwa kizazi cha watu hao, na cha wapagazi waliobeba mizigo hadi Bagamoyo. Babu zao walikaa pwani kwa vipindi virefu wakiwa wageni, wakazika wenzao huko, wakafanya na Wazaramo utani ambao upo hadi leo. Nadhani ndiyo sababu hawakutushangaa sana. Asubuhi tulipopishana kisimani walituamkia, “Mwangaluka,” nasi tukajifunza kuitikia, “Mwangaluka.”

Mzee aliyenifundisha nyuki naye alikuwa amehamishwa. Hilo watu wa nje hawalifahamu. Wakati wa Operesheni Vijiji, mwaka 1974, Wanyamwezi waliokuwa wakiishi mbalimbali porini walikusanywa kwenye vijiji, na yeye aliacha mji wa baba yake na mizinga yake ikiwa imetundikwa mwendo wa siku nzima kutoka alikowekwa. Miguu yake ilikuwa imeanza kuchoka. Alihitaji kijana wa kupanda miti. Mimi nilihitaji mtu wa kunitoa kwenye huzuni ya nyumbani. Nikamwita baba, akaniita mwanangu.

Mzinga wa gome unaanza na kuchagua mti. Mzee alikuwa akiuzunguka mti uitwao mtundu, anaupapasa shina, anautazama juu kama umenyooka pasipo fundo, kisha anaupita bila kusema kitu. Mara nyingi tulitembea asubuhi nzima tukaukubali mti mmoja. Gome likikatwa kwa shoka juu na chini, analipasua kwa wima upande mmoja tu, halafu analibandua kwa kabari ya mti, polepole, hadi linatoka zima. Linarudishwa kwenye umbo lake, linabanwa ubavuni kwa vijiti vilivyochongoka, na ncha zake mbili zinazibwa kwa nyasi zilizosukwa, linaachwa tundu dogo la kupitia nyuki. Ndani anapaka nta iliyoyeyushwa. Hiyo nta ndiyo mwaliko wenyewe, kwa sababu kundi linalotafuta makao hufuata harufu ya mahali ambapo nyuki wengine wamewahi kuishi.

Kurina tulirina usiku, na kijinga cha magome makavu kinachotoa moshi bila kuwaka. Mkono unaingia taratibu. Masega ya mbele, yaliyofunikwa kwa nta nyeupe, ndiyo yenye asali iliyoiva. Asali isiyofunikwa bado ina maji na itachacha ndani ya dumu. Ukiendelea ndani vidole vinakutana na sega laini, zito, lenye majana. Hapo unaurudisha mkono. Mwenye pupa akilikata sega la majana, kundi linahama, na mwaka unaofuata anatazama mzinga mtupu. Mzee hakuwahi kunipiga, ila kwa kosa hilo aliweza kukaa siku kadhaa bila kusema na mtu.

Kila mrina ana alama yake, inachongwa kwenye mzinga, na wenzake wanaijua. Mwaka niliooa, mzee alinipa kisu akaniambia, “Mwanangu, weka yako.” Nikachonga mistari miwili na mkato mmoja kwa chini. Akanipeleka kwa warina wengine, mji kwa mji, wakaiona. Baadaye mzinga wangu mmoja ulipofunguliwa na mwizi, shauri lilisikilizwa na wazee wa Kinyamwezi chini ya mwembe, na nikalipwa. Serikali wakati huo ilinihesabu kuwa mkimbizi. Wale wazee walinihesabu kuwa mrina aliyeibiwa.

Lakini pori la asali halina mpaka, na sisi tulikuwa nao. Kutoka nje ya makazi kulihitaji kibali cha mkuu wa makazi. Maua ya miyombo yanafunguka kabla ya mvua, ghafla, na nyuki hawakusubiri kibali changu. Niliwahi kurudishwa njiani nikiwa na asali kichwani, nikaambiwa niimwage au niiache. Nikaiacha. Kuuza Tabora mjini ilibidi nimpe mwenyeji auze kwa jina lake, na nashukuru kwamba yule mzee na wanawe hawakunipunja hata shilingi, maana hakuna sheria ambayo ingenilinda.

Mwaka 1978 pigo likaja kutoka upande mwingine. Ilionekana kwamba maji na udongo wa Ulyankulu haviwatoshi watu waliokuwapo, ndipo yakafunguliwa makazi ya Mishamo, wilaya ya Mpanda, na maelfu wakapelekwa huko. Barabara zilibaki na magofu pande zote mbili. Dada yangu aliyekuwa ameolewa alikwenda na mumewe, na kwa sababu ya vibali tulikuja kuonana tena tukiwa na watoto wakubwa.

Mwaka 2007 Serikali ya Tanzania ikatuuliza waziwazi: kurudi Burundi, au kuomba uraia. Katika makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu kwa jumla tulikuwa kama 218,000. Mmoja hivi katika kila watano alichagua kurudi. Sisi wengine tuliandika maombi, na mwaka 2010 watu zaidi ya 162,000 wakakubaliwa. Jambo la namna hiyo, nchi kuwapokea kwa mkupuo wakimbizi wengi kiasi hicho kuwa raia wake, ni nadra sana duniani, na nalisema kwa heshima. Ila lilikuja na sharti: tuhame makazi, tutawanywe mikoani. Vyeti havikutolewa.

Ile miaka minne ya kusubiri vyeti ilinichosha kuliko miaka ya ukimbizi. Mkimbizi anajua alipo. Raia anayesubiri kuhamishwa hajui kama afyatue tofali. Paa zilivuja zikaachwa. Migomba iliyozeeka haikung'olewa, na mimi, ambaye kila kiangazi nilitundika mizinga mipya, sikutundika. Mzinga unachukua misimu kukulipa. Ni nani atautundika kwa ajili ya mtu asiyemjua? Mpango wa kututawanya ulisimamishwa, na Oktoba 2014 Rais Jakaya Kikwete akazindua ugawaji wa vyeti, tukaruhusiwa kubaki. Wiki ileile barabarani kwetu zilisikika nyundo.

Mdogo wangu alikuwa miongoni mwa waliorudi. Rumonge alikuta shamba la baba lina familia nyingine, iliyopanda michikichi na kuzika wafu wake pale. Tume ya ardhi ilikuwa na mafaili mengi ya namna hiyo. Mwishowe waligawana, na anaishi, anakula, lakini majirani humwita Mtanzania. Vurugu za mwaka 2015 zilipoanza Burundi, mwanawe alikimbia kama sisi tulivyokimbia, akapelekwa kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma. Nilikwenda kumwona. Anapokea mgao. Kambi haina mashamba ya kugawiwa, na kutoka nje hakuruhusiwi. Ni kijana mwenye nguvu, mikono imelegea kwa kukosa la kufanya. Nikatambua kwamba yeye na mimi tumepewa hifadhi na nchi ileile, lakini mimi nilipewa na jembe. Angepewa ekari chache na mzee wa kumfundisha kitu, asingehitaji nusu ya misaada inayopelekwa pale. Nimewaambia viongozi waliofika kwetu, na nitaendelea kuwaambia.

Kwetu kinachonikosesha usingizi siku hizi ni msitu. Tumbaku imetujengea nyumba na kusomesha watoto, Warundi na Wanyamwezi, sitaikana. Lakini tumbaku ya mvuke inakaushwa kwenye bani kwa kuni, na mabani yako kila upande. Sisi warina pia hatuko safi, maana mti uliobanduliwa gome unakufa. Ndiyo maana nimeacha mizinga ya gome. Nachonga ya mbao, inayofunguka juu, na wajukuu wa mzee wangu wanajifunza kwangu kuikagua. Alama zao wanazichoma kwa chuma cha moto.

Baada ya masoko ya tumbaku kufungwa tutakaa na wakulima kugawana pori lililobaki: miti ipi ni ya mabani, ipi ni ya nyuki. Kamati ina watu wa asili zote mbili kwenye kila upande. Mkwe wangu, Mnyamwezi, yuko upande wa tumbaku. Nimeshamwambia ninachokwenda kukisimamia: miti yote ya maua ya bondeni, karibu na maji, isiguswe, na anayetaka kuni apande yake.