Mkaguzi Ajifungia

Mjukuu wangu alipoingia na kopo la plastiki kutoka uani, nilidhani amekamata kumbikumbi. Kumbe alikuwa buibui, yule mdogo wa ukutani asiyetega utando, bali humnyemelea nzi kama paka kisha akamrukia. Alikuwa amekatika mguu mmoja wa kushoto. Kila tulipolisogelea kopo, aligeuka mwili mzima akatukazia yale macho mawili makubwa ya mbele (kwa jumla anayo manane), mithili ya bwana afya aliyekuja kuangalia choo. Tukamwita Mkaguzi.

Lazima niungame kwamba hakuwa wa kwanza. Mwaka uliotangulia mtoto alileta mwingine, naye baada ya siku chache akajifungia ndani ya kifuko cheupe cha nyuzi, akaacha kula. Nilimwona amelala chali, miguu imekunjamana. Nikasema, huyu anakufa kwa kiu. Nikakipasua kifuko kwa njiti ya kiberiti, nikamdondoshea maji. Masikini, alikuwa anajivua gamba! Asubuhi tulimkuta amekufa, nusu ya miguu ingali imenasa katika gamba la zamani. Mtoto hakulia. Aliniuliza tu, "Babu, si ulisema unamsaidia?"

Kwa siku kadhaa nilikwepa kukaa naye barazani.

Baadaye ndipo nikajifunza. Ngozi ya buibui ni ngumu na haikui pamoja naye, hivyo akiwa mdogo hulazimika kuivua mara kadhaa. Gamba la mgongoni hufunguka mbele kama kifuniko cha sufuria, kisha huchomoa miguu yote taratibu, kama mtu anayevua soksi zilizolowa. Mguu uliokatika unaweza kuota upya wakati huo, ila uwe mwembamba. (Mwaka 2011 maneno haya ya kujivua gamba yalikuwa midomoni mwa wanasiasa wetu wote. Nadhani hakuna aliyewahi kumtazama buibui akijivua, maana wasingelisema kwa wepesi ule.)

Basi Mkaguzi naye akajifungia, mwanzoni mwa Januari. Nilimwambia mjukuu wangu kwamba safari hii hatutagusa kitu. Tutaweka tone la maji kwenye ukuta wa kopo, mbali na kifuko, na nzi hatutamtia, kwa kuwa buibui aliye laini huweza kuumizwa na mdudu aliyekusudiwa kuwa chakula chake.

Kutogusa, hata hivyo, si kazi ndogo katika nyumba yetu. Tunakaa nyuma ya Mtaa wa Msimbazi, nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita na korido moja, na kuta za vyumba hazifiki juu. Mpangaji wa chumba cha pili akipuliza dawa ya mbu magharibi, sote tunaivuta. Nilimwendea.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Nina ombi, lakini litakuchekesha."

Alicheka kweli. Kisha akamtazama mwanawe wa miezi minne aliyekuwa mgongoni, akasema kwa upole, "Babu, na huyu je?" Nikaona aibu. Malaria haina mzaha, nami nimezika. Nikamwambia apulize kama kawaida.

Nikalibeba kopo kama mtu aliyebeba kikombe kilichojaa uji wa moto, nikaliweka barazani kwenye rafu iliyo juu ya cherehani yangu. Hapo nikagundua jambo jingine. Nikikanyaga cherehani, rafu yote inatetemeka. Ndani dawa, nje cherehani! Mabasi ya mwendokasi, yanayopita mtaani kwetu tangu 2016, hayakulitikisa kopo hata kidogo. Mimi ndiye niliyelitikisa.

Januari ndiyo mwezi wa sare za shule. Fundi asiyeshona Januari atakula nini Februari? Nilishona vifungo na pindo kwa mkono. Mteja mmoja alingoja siku mbili, akachukua vitambaa vyake vya kaptura sita akaenda kwa fundi mwingine. Sikumweleza sababu. Ningeanzia wapi?

Siku ya saba nilipatwa na wasiwasi ule ule wa zamani. Hakuonekana kutikisika. Mkono ukaenda kwenye kopo wenyewe.

"Babu, usimguse."

"Simgusi."

"Weka mkono chini basi."

Nikauweka.

Siku ya tisa, alfajiri, mtoto alikuja kuniamsha. Mkaguzi alikuwa nje ya kifuko, amepauka, na pale pa mguu uliokosekana pana kimguu chembamba, kifupi kuliko vingine. Ndani ya kifuko lilibaki gamba tupu lenye umbo lake lote. Alipotuona akageuka, polepole, akatutazama.

Tulingoja siku tatu zaidi, mpaka meno yake yakakauka na kuwa meusi, ndipo tukamtilia nzi mdogo kutoka ganda la ndizi. Akamnyemelea, akamkosa. Akarudia.

Gamba mtoto amelitia katika kiberiti, na haruhusu mtu kulishika, mimi nikiwa wa kwanza. Jioni ile tulilihamishia kopo dirishani, nami nikakaa kwenye cherehani nikaanza kaptura nne zilizobaki.