Panga la Kuazima

Mnyauko wa migomba uligunduliwa nchini kwetu Tanzania mwaka 2006, huku huku wilayani Muleba. Wanafunzi wangu wa darasa la tano walikuwa hawajazaliwa, lakini dalili wanazijua: majani hugeuka manjano, ndizi huiva kabla ya wakati, shina likikatwa hutoa utomvu wa njano. Ninachotaka wakielewe ni kwamba kibanja kimoja hakiponi peke yake. Hilo nalifundisha kwa mchezo.

Kila kikundi huchora migomba yake juu ya kipande cha boksi. Rula ndiyo panga, nalo ni moja tu darasa zima, kwa hiyo ni la kuazimana. Migomba ya kikundi kimoja naipaka vumbi la chaki nyekundu, ndio ugonjwa. Anayepogoa hupitisha rula juu ya mgomba wake. Kuliosha panga ni kupoteza zamu. Kung'oa shina lenye ugonjwa ni kupoteza mkungu.

Mwanzoni kila kikundi huhesabu mikungu yake tu. Haoshi mtu, wala hasemi mtu. Halafu mmoja anageuza kiganja, chekundu! Wenzake wanatazama vya kwao. Kelele za hapo mwalimu aziache, maana somo limeanza.

Safari moja kikundi cha nyuma kilitunga sheria: anayeazima panga alioshe mbele ya mwenye nalo. Wote wakakubali. Msichana mmoja akauliza, aliyeng'oa migomba yake yote atakula nini? Walibishana mpaka kengele ikalia. Wakaamua kila kikundi kimpe mkungu mmoja, na machipukizi safi udongo ukishapumzika. Kwangu mimi swali lile linapita sheria zote, kwa sababu mtu huficha ugonjwa akiogopa njaa. Kijiji kinachoadhibu bila kulisha hakitaambiwa ukweli.

Baada ya mchezo tunakwenda kwenye migomba yenyewe. Huko wanafunzi hujifunza kuvunja ua dume, kwa kuwa wadudu hubeba vimelea kutoka ua hadi ua, nao hulivunja kwa kijiti chenye panda, pasipo panga.

Walimu wenzangu wa Bukoba, hasa mlio kando ya ziwa kama Kemondo, watoto wenu wanajua nyavu kuliko migomba. Watungieni mchezo wa samaki. Ila msiwape jibu kabla hawajabishana.